Sitaki goli la kupewa: msimu wangu mmoja kwenye soka jumuishi

Nina miaka 19 na nina mtindio wa ubongo (cerebral palsy) ulioathiri upande wa kulia wa mwili. Mguu wa kulia unaburuza ncha ya kiatu, na mkono wa kulia hujikunja wenyewe kifuani ninapokimbia. Naandika kwa ajili ya kijana mwenzangu, au mzazi, anayejiuliza kama programu ya soka jumuishi, yaani soka la wenye ulemavu na wasio nao kwa pamoja, inafaa kujaribiwa. Mimi nimepita kwenye mbili. Ya kwanza niliiacha baada ya wiki chache. Ya pili nimemaliza nayo msimu mzima.

Ile ya kwanza ilikuwa na jezi mpya na wapiga picha wengi. Siku ya mechi nilipokea mpira karibu na boksi, na beki aliyekuwa mbele yangu akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akageuza mabega kunipisha. Kipa akaruka upande mwingine hata kabla sijapiga. Mpira ukaviringika polepole mpaka wavuni. Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi, mtu akaninyanyua juu. Nilivua viatu kimya. Nyumbani mama akaniuliza, "Mwanangu, umefunga, mbona huna raha?" Nikamwambia, "Mama, sikufunga. Nimefungiwa."

Naamini waliopanga vile walinipenda. Lakini tangu siku hiyo nikiingia uwanja wowote swali langu ni moja tu: je, kuna mtu hapa anayetaka kuninyang'anya mpira?

Programu ya pili ilianza kunivutia tangu kwenye fomu. Haikuuliza jina la ulemavu na kuishia hapo. Iliuliza naelewa maelekezo vizuri zaidi kwa kusikia, kwa kuona au kwa kuonyeshwa kwa vitendo. Iliuliza kama nina kifafa, na kikinishika watu wafanye nini na wasifanye nini. Wenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili, waliombwa waonwe na daktari kwanza na kuchunguzwa shingo, kwa sababu kwa baadhi yao maungio ya juu ya shingo huwa yamelegea na kupiga vichwa kunaweza kuwaumiza uti wa mgongo. Aliyeandika fomu ile alikuwa amekaa na watu kama sisi muda mrefu.

Siku ya kwanza kocha alichuchumaa mbele yangu nikiwa nafunga kamba za viatu, jambo linalonichukua muda kwa mkono mmoja. Hakunifungia. Alisubiri, kisha akauliza, "Unapiga kwa mguu gani, na unasimamia upi?" Watu wamezoea kuniuliza nilipatwa na nini. Swali la mguu wa kusimamia sikuwahi kuulizwa, na ndilo lenye maana, kwa sababu nikisimamia wa kulia naanguka. Basi pasi zangu zote napiga kwa kulia, na kulia hakuna nguvu. Tulitumia wiki tatu nzima kutafuta jinsi ya kuupeleka mwili mbele ya mpira ili uzito wa mwili ufanye kazi ambayo msuli hauwezi. Siku za baridi misuli yangu hukaza zaidi, hivyo mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunaanza kupasha kabla ya wengine.

Zoezi lisipokwenda, kocha yule habadilishi mtoto, anabadilisha zoezi. Anapanua nafasi au anaibana, anapunguza kazi, anageuza kifaa, au anapanga upya nani acheze na nani. Kwenye zoezi la wawili kwa mmoja, kijana mwenye kasi aliambiwa aguse mpira mara mbili tu, huku mimi nikiachiwa niguse nipendavyo. Yeye akajifunza kufikiri haraka, mimi nikapata muda wa kuinua kichwa. Sote wawili tulitoka jasho.

Kwa wenye ulemavu wa akili, mechi za Jumamosi hufuata utaratibu wa kuchanganya wa Special Olympics, shirika la michezo la watu wenye ulemavu wa akili: kwenye timu ya watu watano, watatu wana ulemavu na wawili ni washirika wasio nao. Washirika wanatakiwa wakaribiane nao kwa umri na kwa uwezo, na hilo ndilo linaloufanya uwe mchezo. Msimu ulipoanza kulikuwa na mshirika mmoja hodari mno, kila mpira ulipita kwake. Wiki ya tatu akahamishiwa kwenye kundi la kufundisha wadogo. Alinuna kidogo, ila ulikuwa uamuzi sahihi.

Kundi langu ni la wenye mtindio wa ubongo, saba kwa saba, na kwa kuwa hatutoshi, vijana wasio na ulemavu hutujazia. Tunatumia sheria za soka letu: hakuna kuotea, goli lina upana wa mita 5 na urefu wa mita 2, kila kipindi dakika 30. Lakini sheria niliyoipenda kuliko zote ni ya mpira wa kurusha. Shuleni kila nikirusha refa alipiga filimbi, maana mkono wangu wa kulia haufiki juu ya kichwa, na mpira ukapewa wapinzani. Ikafika mahali nikiuona mpira unatoka upande wangu najificha nyuma ya wenzangu. Kwenye soka letu unaruhusiwa kuuviringisha chini kwa mkono mmoja. Nakumbuka mara ya kwanza: niliinama, kiganja cha kushoto kikiwa chini ya mpira, nikausukuma kwenye mstari mpaka miguuni kwa winga wetu. Hakuna aliyepiga makofi. Winga aliupokea, akageuka, mchezo ukaendelea. Nilibaki nimeinama pale mstarini sekunde nzima.

Kisha ikaja mechi ya nne. Kijana mmoja wa wale wanaojazia alinifuata kutoka pembeni, akateleza, akauchomoa mpira miguuni mwangu, nami nikaenda chini kifudifudi. Nilisubiri filimbi. Mama alishasimama. Refa akaonyesha mikono: chezeni. Kocha akapaza sauti, "Amka kaka, amecheza mpira!" Magoti yaliniwaka moto, na ndani yangu kulikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Mechi iliyofuata nilitolewa nje wakati wa mapumziko. Si kwa sababu ya kuchoka wala ya kuumia. Nilitolewa kwa sababu mara tatu nilipoteza mpira na sikurudi kukaba. Kocha aliniambia hivyo hivyo, mbele ya wenzangu, kama anavyowaambia wengine. Nilikaa benchi nimekasirika kweli. Katika maisha yangu nilishatolewa kwa kuonewa huruma mara nyingi sana, kwa kucheza vibaya ilikuwa mara ya kwanza. Msimu mzima nimefunga magoli mawili, na moja kipa aliligusa kwa vidole kabla halijaingia. Hayo ni yangu.

Siku moja walituwekea soka la wasioona, ili tujue wenzetu wanacheza nini. Unazibwa macho kwa bandiko na juu yake unafunikwa kitambaa, hata wenye uoni hafifu, ili wote wawe sawa. Kipa peke yake ndiye anayeona. Mpira una njuga ndani, na anayeufuata lazima aseme "voy", neno la Kihispania la kusema nakwenda, ili asigongane na mwenzake. Nilidumu dakika chache. Nilikuwa natembea mikono mbele kama napapasa ukuta, huku mwenzangu mmoja asiyeona akinipita akikimbia kabisa, mpira ukihama mguu hadi mguu, kichwa kimeinama kidogo kuusikiliza. Sasa nawaelewa Wabrazili waliobeba dhahabu ya mchezo huu kwenye Paralimpiki tano mfululizo, kuanzia Athens 2004, mpaka Wafaransa walipoichukua Paris 2024. Mpira ule wa njuga ukisimama haulii, na wetu mmoja uliharibika katikati ya msimu. Wakaufunga mpira wa kawaida ndani ya mfuko wa plastiki, ukawa unachakacha nyasini. Ulifaa. Kilichokuwa kigumu ni kuwanyamazisha wazazi, kwa sababu kelele za kushangilia zinamfunika mchezaji asisikie kitu.

Sasa mapungufu, na yapo.

Kwa anayetumia kiti cha umeme siwezi kuipendekeza programu hii kwa sasa. Soka la viti vya umeme linahitaji wachezaji wanne kila upande, ukumbi wenye sakafu ngumu, mpira mkubwa wa sentimita 33 na viti vyenye kinga mbele ya miguu. Hapa kulikuwa na viti viwili. Wale wenzetu walifanya mazoezi ya kupigiana pasi msimu mzima bila kucheza mechi hata moja, na niliwaona wakitutazama sisi tukipangwa timu. Iliniuma, nimewaambia viongozi, na nitaendelea kuwaambia.

Viziwi nao walisahaulika mwanzoni. Kocha msaidizi mmoja alikuwa anaeleza zoezi huku amegeukia ubao, na refa alitegemea filimbi peke yake. Mwenzetu mmoja kiziwi aliendelea kukimbia baada ya filimbi, akafunga, akakemewa kama mkaidi. Wiki iliyofuata refa alikuja na bendera mkononi, na sisi wote tukafundishwa kuinua mkono tukiona mchezo umesimama. Refa mgeni akija, bendera inasahaulika tena.

Choo kina mlango ambao kiti cha magurudumu hakipiti. Wasichana walikuwa wachache mno, na nadhani wangekuja kama wangemwona kocha wa kike, naye hakuwepo.

Kuna jambo moja ambalo si kosa la programu, ila mtoto wako atakuuliza. Soka la wenye mtindio wa ubongo lilikuwepo Paralimpiki kuanzia 1984 hadi Rio 2016, likaondolewa. Tokyo halikuwemo, Paris halikuwemo. Mdogo wetu mmoja wa miaka 12 alimuuliza kocha ataenda lini, na kocha akamweleza ukweli, kisha akamwambia mashindano ya dunia ya mchezo wetu bado yapo. Alisikitika, akarudi kupiga mpira ukutani.

Mzazi ukitaka kuijua programu kabla ya kumwandikisha mtoto, kaa pembeni zoezi zima, uhesabu mara ngapi mtoto mwenye hali kama ya mwanao anagusa mpira huku mtu akimkaba. Na akishaanza, tafadhali usisimame mstarini ukipiga kelele "mpeni, mpeni!" Mpira atautafuta.

Nawapa nyota nne kati ya tano, ya tano naiweka mpaka viti vipatikane. Msimu mpya unaanza Jumamosi. Nimeambiwa nitacheza beki wa kushoto, nafasi nisiyoipenda, maana kukimbia kinyumenyume ndiko kunakonishinda kuliko yote. Nimeshaanza kufanya mazoezi uani, mama akiwa nyuma yangu kunidaka.