Geti langu la Katwe: nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya rangi

Niliagiza geti la milango miwili, lenye kilango cha watu ubavuni, kwa ajili ya nyumba zangu za kupangisha hapa Bombo. La zamani lilikuwa mabati na mbao, na kila mpangaji aliyerudi usiku alilifungua kwa teke. Karakana niliyoipata iko Katwe, Kampala, kwenye vile vichochoro vya mafundi vyuma ambako hata salamu inapigiwa kelele. Jina silitaji, na mwenye karakana ndiye aliyeniomba: "Hajati, sifu kazi, lakini jina uache. Mteja akisikia vijana wangu wametoka wapi, anadai adivansi yake anahamia kwa jirani."

Kazi kwanza. Walikuja wenyewe Bombo kupima, hawakunitegemea mimi na futi yangu ya cherehani. Mzee wa karakana alianzia milioni mbili na nusu, nikacheka, akacheka, tukakutana milioni moja na laki tisa, usafiri wa kanta juu yake. Nusu unatoa mwanzo, iliyobaki geti likishasimama. Bomba za mraba ni nene kweli. Nilizigonga kwa funguo moja moja kama mtu anayechagua fenesi sokoni, na hakuna iliyolia bati. Mshono wa kuchomelea umelala sawasawa, hauna matundu, na wameusaga kwa grinda mpaka ukipitisha kidole huoni pa kukwama. Bawaba zina nafasi ya kutia grisi. Mlango ni mzito, lakini mjukuu wangu wa darasa la pili anausukuma kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika muwa.

Ubaya uko kwenye rangi. Chini walipaka ile nyekundu ya kuzuia kutu mkono mmoja tu, nyeusi ya juu nyembamba, na mvua hazijaisha tayari ukingo unaokaribiana na simenti umeanza kuota kutu. Komeo la kilango nalo linabana. Pia walichelewa. Walisingizia umeme, na hapo siwezi kubisha, kwa sababu ulikatika nikiwa nimekaa palepale, na jenereta ya kichochoro kizima ilikuwa na foleni.

Sasa vijana. Mzee huchukua wa miaka 18 hadi 23 hivi, wengi wao wametoka rumande au kifungoni. Wengine walikuwa wamezolewa tu barabarani kwa lile kosa la kuitwa mzururaji. Sisi tulioishi enzi za panda gari, ile misako ya kuzoa watu kwa malori, tunajua maana ya kijana kubebwa kwa sababu ya sura yake. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uzururaji vilivyokuwa vikitumika hivyo, na Mzee anasema wa aina hiyo wamepungua kwake.

Waliotengeneza geti langu ni wawili, wa mtaa mmoja. Walishikwa usiku mmoja kwa duka moja lililovunjwa. Mdogo alikuwa na miaka 17. Mkubwa alikuwa ametimiza 18, ana miezi michache juu yake. Umri niliuuliza kwa mazoea: nilikuwa mkalimani wa mahakama, nikiwatafsiria washtakiwa wa Kiswahili na Kinubi, na umri ndio uliokuwa ukitangulia kila asubuhi. Nimeshaona karatasi ya mashtaka imeandikwa 18 na mtoto aliyesimama mbele yetu sauti haijavunjika, mpaka hakimu aagize daktari amtazame meno. Kuandika 18 kunamrahisishia kazi anayeandika.

Miezi hiyo michache ndiyo iliyowatenganisha. Mdogo alipelekwa Naguru, kwenye makao ya watoto walio rumande. Sheria ya Watoto inaiwekea rumande kikomo, na kwa kosa kama lile, hata likithibitika, mtoto aliyefika 16 hazuiliwi zaidi ya miezi 12. Mtu wa ustawi wa jamii alikwenda kwao, akakaa na mama yake, akaandika ripoti. Mkubwa alikwenda Luzira, gereza la watu wazima. Katiba inasema kesi ya hakimu ikipita siku 60 bila kusikilizwa, mtu apewe dhamana. Kesi ya Mahakama Kuu ni siku 180. Lakini dhamana inataka wadhamini, wadhamini wanataka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, na kijana aliyepanga chumba kimoja na wenzake wanne, mwenyekiti hata jina lake halijui. Akabaki. Magereza yetu yana nafasi kama 20,000 na yanabeba watu zaidi ya 70,000, karibu nusu yao bado hawajahukumiwa, kwa hiyo msidhani alilala kwenye godoro.

Mwishowe alikiri kosa kwa ule utaratibu ulioanza 2014, wa kupatana adhabu na upande wa mashtaka. Nilimuuliza kama ni kwa sababu alijua amekosa. "Nilikosa, Mama, sikatai. Lakini nilikiri ili nijue tarehe ya kutoka." Kiswahili chake kizuri alikipata hukohuko, kwa maaskari na manyapara, ndiyo maana tulielewana, Kiganda changu mimi kinatosha kununulia matooke tu.

Siku ya kwanza nilipomwita anionyeshe bawaba, alichuchumaa kabla ya kujibu. Akachuchumaa kabisa, mikono juu ya magoti, macho chini, mbele ya mama mtu mzima aliyeshika mkoba. Mzee alisema bila kugeuka, "Simama mwanangu, huyu ni mteja." Mdogo hana tabia hiyo. Mdogo anabishana, anachelewa, anataka adivansi, yaani ni kijana wa kawaida.

Na bado mkubwa ndiye mwenye mkono. Useremala alijifunza Luzira, sifa hiyo nawapa Magereza bila kinyongo, na vipimo vyake vya kiseremala ndivyo vilivyofanya milango miwili ikutane bila kuachiana hata upenyo wa kucha. Alitaka kazi ya ulinzi kwenye kampuni, wakadai cheti cha tabia njema, na kesi yake inaonekana. Mwenzake wa usiku uleule hana alama hiyo.

Ujerumani, jaji akiwa na mtu wa miaka 18 hadi 20 anaweza kutumia sheria ya vijana badala ya ile ya watu wazima, akipima kama amekomaa. Uholanzi wanafika mpaka 22. Kwetu tuna miongozo ya hukumu ya 2013, ambayo ujana unaweza kupunguza adhabu, na nimetafsiri maneno hayo mara nyingi, "mshtakiwa bado kijana, ni kosa lake la kwanza." Tatizo ni kwamba yanasemwa mwishoni, wakati wa hukumu, rumande imeshamfundisha kuchuchumaa. Huduma kwa jamii badala ya kifungo ipo kisheria tangu 2000, lakini ni kwa makosa yasiyozidi kifungo cha miaka 2. Kuvunja duka hakumo. Ningekuwa na kauli, ningeanza na rumande: mtu wa ustawi aende nyumbani kwa kijana wa miaka 19 kama alivyokwenda kwa yule wa 17. Ripoti ile ni kurasa chache, na inafanya kazi ambayo barua ya LC1 haiwezi.

Jirani yangu alipoona geti akaniuliza, "Hajati, umenunua geti kwa wezi?" Nikamwambia geti la kwanza nililinunua kwa mtu mwaminifu na lilianguka.

Msidhani karakana ile ni ya huruma. Mzee ni mkali. Mgeni anashika grinda tu kwa miezi, hapewi mashine ya kuchomelea mpaka mshono wake wa mazoezi upigwe nyundo usipasuke. Mshahara ni Jumamosi, na sehemu inakwenda SACCO kabla kijana hajaiona. Asiyefika asubuhi anafuatwa chumbani kwake. Miwani ya kukinga macho ipo, ila nimeona wawili wakichomelea kwa miwani ya jua, na hilo nililisema palepale.

Nimeshaagiza grili za madirisha ya nyuma. Ukienda, nenda asubuhi kabla umeme haujaanza vituko vyake, beba kipimo chako hata kama watapima wenyewe, na salio usilitoe mpaka uone mkono wa pili wa ile rangi nyekundu kwa macho yako.