OpenEpi kwa anayejifunza utafiti wa wagonjwa: uzoefu wangu

Daktari, muuguzi au mwanafunzi anayeanza kujifunza mbinu za epidemiolojia ili afanye utafiti wodini, mimi humwanzishia OpenEpi, programu ndogo ya hesabu za epidemiolojia, kabla ya programu kubwa za takwimu. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari, na ukishaipakua inafanya kazi hata bando likiisha. Haidai faili la data. Unajaza namba nne tu, na namba hizo nne ndizo mwalimu.

Jaribu hivi. Fungua jedwali la mbili kwa mbili, yaani mistari miwili na safu mbili. Wagonjwa 100 walichomwa sindano za antibayotiki, na 60 kati yao wakalazwa zaidi ya siku 7. Wengine 100 walipewa vidonge, wakavuka siku 7 watu 30. Uwiano wa hatari, yaani 60% ukigawa kwa 30%, unatoka 2, na mipaka ya uhakika wa 95%, yaani masafa ambamo uwiano wa kweli unatarajiwa kuwa, ni 1.42 hadi 2.81. Hapo wengi huandika kwamba sindano inachelewesha kupona.

Sasa ongeza tabaka la pili, ugawe watu walewale kwa hali waliyofika nayo. Waliofika mahututi: sindano 80, wakavuka siku 7 watu 56, vidonge 20, wakavuka 14. Waliofika na nafuu: sindano 20, wakavuka 4, vidonge 80, wakavuka 16. Ni 70% kwa 70%, kisha 20% kwa 20%. Uwiano ni 1 katika kila tabaka, na jumla iliyorekebishwa kwa njia ya Mantel-Haenszel, inayounganisha matabaka kuwa uwiano mmoja, nayo ni 1. Sindano haina kosa: ilipewa waliozidiwa, na aliyezidiwa hukaa wodini siku nyingi hata ukimpa vidonge. Huu ndio mtego mkubwa wa utafiti unaotegemea mafaili ya hospitali, na sijaona njia nyingine inayouonyesha waziwazi namna hii kwa dakika tano.

Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kugeuza jedwali. Matibabu yakae kwenye mistari, matokeo kwenye safu. Ukigeuza namba za juu, uwiano wa hatari unasoma 1.83 badala ya 2, na programu haikuonyi. Uwiano wa odi, yaani waliovuka kwa wasiovuka (60/40 ukigawa kwa 30/70), haubadiliki, unabaki 3.5, kwa hiyo hauwezi kukusaidia kulinasa kosa. La pili ni kuusoma huo 3.5 kama "hatari mara tatu na nusu". Tokeo likiwa la kawaida, odi huzidisha mno. Lingekuwa adimu, tuseme 6 na 3 kwa kila 100, odi ingetoka 2.06, karibu sawa na uwiano wa hatari.

Sehemu ya ukubwa wa sampuli ni nzuri ila inataka umakini. Ukiiacha ilivyo inakupa 384, namba iliyojaa kwenye tasnifu zetu. Hiyo imetokana na watu 1,000,000, ukubwa wa tatizo 50% na kosa la 5% juu au chini. Kliniki yenye wagonjwa 400 inahitaji 197 tu. Na kama tatizo lenyewe ni 4%, kosa la 5% halina maana, kwani mpaka wa chini unashuka chini ya sifuri; weka 2%, upate 369 kwa wale watu 1,000,000. Halafu ongeza idadi ya watakaopotea njiani, maana programu haiwahesabu.

Upungufu wake: haina Kiswahili, haitunzi data, na haina rigreshoni, yaani hesabu ya kurekebisha mambo mengi kwa pamoja. Vipotoshi, yaani mambo yanayopotosha ulinganisho kama ile hali ya mgonjwa alipofika, vikifika vitatu au vinne, matabaka yanabaki na visanduku vitupu, na hapo hamia programu kubwa ya takwimu kama R. Nakili matokeo kabla ya kufunga dirisha, pamoja na namba ulizojaza, ili msimamizi wako aweze kuzirudia mwenyewe.