Kopo la «leptini» la shilingi 60,000: tathmini ya mnunuzi wa Mbeya

Mwezi Juni, baridi ya Mbeya ilipokolea na hamu ya ugali wa moto na maharage ikawa haiishi, nilinunua kopo la unga wa kupunguza mwili katika duka moja la virutubisho maeneo ya Mwanjelwa. Lebo inadai kwamba unga huo una leptini, homoni ya shibe, na kwamba vijiko viwili vya asubuhi vitatuliza njaa hadi jioni. «Karibu mama, hii wateja wanaisifu sana,» kijana wa dukani aliniambia kwa upole, lakini nilipomuuliza leptini hutoka wapi, alinisomea lebo ileile.

Leptini ni protini inayotengenezwa na seli za mafuta za mwili wenyewe, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoratibu njaa, na kuujulisha ubongo akiba ya mafuta imebaki kiasi gani. Akiba ikipungua, leptini hushuka, njaa hupanda na mwili hubana matumizi ya nishati, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu aliyejinyima chakula kuandamwa na hamu ya kula. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1994 na kundi la mtafiti Jeffrey Friedman huko New York, kwa kuchunguza panya wanene waliokosa protini hiyo; panya hao walipodungwa leptini, walipunguza kula wakakonda. Matumaini yalikuwa makubwa, hadi ilipobainika kwamba watu wengi wanene tayari wana leptini tele, ila ubongo wao hauiitikii ipasavyo. Wanaofaidika nayo hasa ni wachache mno waliozaliwa bila uwezo wa kuitengeneza, nao hupewa kwa sindano.

Hapo ndipo kopo hili linapoanguka. Protini ikimezwa humeng'enywa kama nyama au maharage. Ndiyo maana hata wagonjwa wa kisukari hudungwa insulini, ambayo nayo ni protini, badala ya kuimeza. Basi hata kama leptini imo kweli katika unga huu, haitafika kwenye damu ikiwa leptini.

Niliutumia siku 21. Unanukia vanila, hauyeyuki vizuri, na mabonge hubaki chini ya kikombe. Kila ilipofika saa nne asubuhi njaa ilikuwa palepale, na mizani ilianza na kilo 84 ikaishia kilo 84.

Duka ni safi na risiti nilipewa bila kuomba. Kinachoniuma ni mama aliyekuwa mbele yangu siku ile, aliyefungua pindo la kanga na kuhesabu noti za elfu mbili mbili hadi zikatimia bei ya kopo. Nilirudi na kopo langu nikamweleza kijana haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akakataa kunirudishia fedha, na makopo mengine bado yamepangwa rafuni kwa bei ileile.