Mikesha Minne na Clock Tower: Uzoefu Wangu

Nyumba tunayoishi ipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo Tanga iliona inatosha kuzipa namba badala ya majina, na ina ukumbi mrefu wenye milango mitatu kila upande. Naanza na ukumbi huo kwa sababu tangu niucheze mchezo ninaotaka kuueleza hapa, nimekuwa nikiupita usiku nikiwa nimewasha tochi ya simu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu utotoni.

Mchezo wenyewe ni wa video, wa kutisha, na unaitwa Clock Tower, yaani mnara wa saa. Ulitolewa Japani mnamo Septemba 1995 na kampuni ya Human Entertainment kwa ajili ya Super Famicom, mashine ya michezo ya video ya Nintendo, chini ya uongozi wa Hifumi Kono, ambaye hakuficha kwamba alizipenda mno filamu za kutisha za Mwitaliano Dario Argento. Toleo hilo la kwanza halikuuzwa rasmi nje ya Japani, hivyo kwa miaka mingi waliotaka kuucheza kwa Kiingereza walitegemea tafsiri zilizofanywa na mashabiki, hadi Oktoba 2024 ulipotolewa upya kwa mashine za kisasa na kompyuta kwa jina la Clock Tower: Rewind. Hilo la 2024 ndilo nililolinunua, nikalicheza kwenye kompyuta mpakato kwa kutumia padi, kile kifaa cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea, mikesha minne mfululizo, baada ya watu wa nyumbani kulala.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Jennifer Simpson ni msichana yatima wa huko Norwei ambaye pamoja na wenzake watatu, Anne, Laura na Lotte, anachukuliwa kutoka kituo cha kulelea yatima na kupelekwa kwenye jumba kubwa la ukoo wa Barrows. Mama aliyewaleta, Mary, anawaacha sebuleni akisema anakwenda kumwita mwenye nyumba. Anakawia. Jennifer anatoka kumfuata, anasikia ukelele nyuma yake, na anaporudi anakuta taa zimezimwa na wenzake hawapo. Kuanzia hapo ndani ya jumba lile kuna kiumbe mfupi anayetembea kwa kuchechemea, mkononi ameshika mkasi mrefu karibu kama yeye mwenyewe, na wachezaji duniani kote humwita Scissorman.

Jennifer hana bunduki wala kisu, na katika mchezo mzima hatakuwa navyo. Mchezaji hamwendeshi msichana huyu moja kwa moja. Anasogeza kishale juu ya picha ya chumba, anabofya mlango, kabati, pazia au sanduku, kisha anamtazama akitembea kukiendea kitu hicho kwa mwendo wake mwenyewe. Mwendo huo ni wa polepole kwelikweli. Mpwa wangu, ambaye amezoea michezo ya mpira na ya magari, alikaa nami nusu saa ya kwanza akaniuliza, "Mjomba, mbona anatembea kama bibi harusi?" Nikacheka, maana hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyohivyo, na kama ningeandika maoni haya usiku ule wa kwanza ningeuita ugoigoi huo kasoro kubwa ya mchezo.

Sasa naona kwamba hofu yote imejengwa juu ya ugoigoi ule. Katika michezo mingine mchezaji akishtuka, vidole vyake hushtuka pamoja naye na mhusika hukurupuka saa hiyohiyo, kwa hiyo woga hupata pa kutokea. Hapa unamwona muuaji akiingia kwa mlango wa kushoto, unabofya mlango wa kulia, kisha huna la kufanya ila kusubiri Jennifer avuke chumba. Unaweza kumwamuru akimbie, lakini mbio zina gharama yake. Kwenye kona ya chini ya skrini kuna picha ndogo ya uso wake, ambayo rangi ya nyuma yake ni bluu akiwa ametulia, kisha hugeuka ya manjano, ya machungwa na hatimaye nyekundu kadiri anavyochoka na kuogopa. Akifika kwenye nyekundu, anaweza kujikwaa wakati wowote, na akikamatwa katika hali hiyo uwezekano wa kujinasua huwa mdogo. Dawa yake ni kumwacha apumzike, na kupumzika huko maana yake ni kumwacha akae sakafuni kimya katika nyumba ambayo ndani yake kuna mtu anayemtafuta. Nilijikuta nikiitazama ile picha ndogo kuliko chumba chenyewe, mfano wa mtu anayekodolea macho asilimia ya chaji ya simu huku umeme umekatika.

Muuaji akimfikia, kuna kitufe kimoja cha kubonyeza haraka na kwa kurudia, ambacho humpa Jennifer nafasi ya kumsukuma na kukimbia. Nimekibonyeza kwa nguvu kiasi kwamba padi yangu, ambayo haikuwa mpya, sasa ina kitufe kinachonata. Zipo pia sehemu za kujificha na vitu vya nyumbani vinavyoweza kumchelewesha, ila maficho nayo si ya kuaminiwa, kwa kuwa pale ulipookoka mara ya kwanza anaweza kukufichua mara nyingine. Mara mbili nilijibanza mahali nilipopaamini, nikamwona anaingia, anageuka kuondoka, nikashusha pumzi, naye akarudi.

Kuhusu sauti nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Sehemu kubwa ya mchezo haina muziki kabisa. Unachosikia ni hatua za viatu vya Jennifer, ambazo hubadilika anapotoka kwenye mbao kwenda kwenye zulia, na milio ya milango. Kisha mahali fulani, bila kumwona mtu, unasikia mkasi ukifunguliwa na kufungwa, chaka, chaka, na muziki unaanza. Usiku wa pili nilivaa hedifoni, na umeme wa mtaani ulikatika wakati Jennifer alipokuwa katikati ya ukumbi mrefu unaofanana mno na wetu. Kompyuta iliendelea kwa betri, feni ikazima, na kwa mara ya kwanza nikagundua ni kelele kiasi gani feni ile ilikuwa ikinikinga nazo. Niliposikia vile viatu vikitembea ndani ya masikio yangu katika giza la chumba changu mwenyewe, nilivua hedifoni nikaenda kukaa barazani mpaka umeme ukarudi.

Marehemu mama yangu aliniachia bibi wa kumtunza, naye hulala kidogo. Usiku wa tatu alitoka chumbani akanikuta, akavuta kiti akakaa, na nikawa namtafsiria maandishi, kwa sababu mchezo hauna Kiswahili. Alitazama kwa makini kama anayetazama tamthilia. Jennifer alipokuwa akikimbizwa, bibi akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mtoto mbona hapigi mayowe watu wakaja?"

Nikamwambia, "Bibi, hakuna jirani. Nyumba iko peke yake."

Akanyamaza kidogo. "Hakuna jirani hata mmoja? Basi aliyeijenga nyumba hiyo alikuwa na lake jambo."

Sijasoma uchambuzi wa mchezo huu uliougusa ukweli kwa maneno machache namna ile. Sisi tuliokulia Ngamiani, ambako kikohozi cha nyumba ya pili hukisikia kitandani, tunauogopa mchezo huu kwa njia yetu, maana kinachotisha zaidi ni kwamba mtoto anaita na hakuna ukuta wa pamoja wa kuipokea sauti yake.

Jambo lililonifanya niurudie ni kwamba nyumba ile haitulii. Unapoanza upya, baadhi ya vyumba hubadilishwa mahali pake, vitu unavyovihitaji hukutwa kwingine, na yanayowapata wenzako watatu hutegemea uliingia wapi kwanza na uligusa nini. Mchezo mmoja unaweza kuisha kwa saa chache tu, lakini kuna miisho tisa, inayopangwa kwa herufi kuanzia S iliyo bora hadi H. Mara yangu ya kwanza nilipata gari, nikaondoka nalo, na kwa dakika moja nikajiona mjanja sana. Mchezo ukanipa H, kwa kuwa nilitoroka nikiwaacha wenzangu. Nilikasirika kwanza, halafu nikaona haki yake. Miisho mizuri haipatikani kwa kukimbia, bali kwa kuichokonoa nyumba, kusoma barua zilizofichwa, na hata kumtendea wema kiumbe usiyeona faida yake wakati huo. Sitasema ni kiumbe gani.

Kuna kasoro ambazo sikuzizoea hata mwisho. Ni vigumu kujua ni kitu gani katika chumba kinaweza kubofywa, kwa hiyo mara nyingi nilipitisha kishale juu ya kila kona kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Kupanda ngazi kunachosha roho, hasa katika njia inayohifadhi mchezo wa asili ulivyokuwa. Vilevile, kwa kuwa mambo mengine hutokea kwa bahati, mchezaji anaweza kuzunguka muda mrefu bila kukutana na tukio linalofungua njia, na hapo hofu hugeuka kuwa uchovu tu. Toleo hili la 2024 limejaribu kupunguza adha hiyo kwa kuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote na kuurudisha nyuma pale unapokosea. Nilitumia nafasi hiyo ya kurudisha nyuma mara nyingi usiku wa kwanza, na nakiri kwamba iliua woga wote: nikikamatwa, narudisha, basi. Kuanzia usiku wa pili niliacha kabisa kuigusa, na namshauri anayeanza afanye hivyo, isipokuwa kama ana moyo mwepesi. Ipo pia njia ya pili ya kucheza yenye nyongeza zisizokuwamo katika mchezo wa mwanzo. Niliijaribu kidogo, lakini mimi nilirudi kwenye ile ya asili.

Picha ni za vidoti vya zamani, na anayetaka uzuri wa michezo ya leo hatauona hapa. Hata hivyo miondoko ya Jennifer ina uhalisia wa ajabu, kwa sababu iliundwa kutokana na picha za mwanamke halisi, na ndiyo maana namna anavyoshika ukuta, anavyoanguka na anavyojikokota kuinuka inakufanya umwonee huruma kana kwamba ana uzito. Nilivuta pazia la bafuni katika chumba kimoja, nikaona nilichokiona, naye akarudi nyuma kwa hatua fupi za kuyumba, mikono juu ya mdomo. Skrini ilikuwa na rangi chache tu, na bado nililazimika kusimamisha mchezo nikanywa maji. Mchezo huu si wa watoto wadogo, hilo lisisahauliwe na mzazi anayedhani michoro ya kale haina madhara.

Mji wetu nao una mnara wa saa, ule wa enzi za Wajerumani karibu na bustani ya Jamhuri, juu ya bandari, na nimeupita maisha yangu yote bila kuufikiria. Juzi jioni niliupita nikiwa na mpwa wangu, yule wa bibi harusi, ambaye sasa anaucheza mwenyewe kila anapokuja kwetu na amefikia herufi ya C. Akaunyooshea kidole akaniuliza kama nina hakika hakuna mtu anayeishi mle ndani. Nikamwambia aende akagonge mlango. Hakwenda, na mimi pia sikumtangulia.