Eno ya pakiti: kwa kiungulia naisifu, mengine ni maneno ya watu

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, sijui duka lisilo na Eno, ule unga wa dawa ya kiungulia unaochanganywa na maji. Pakiti zinaning'inia dirishani pamoja na za shampuu na majani ya chai, na bei yake haifiki ya soda. Mimi ni mtu wa kiungulia. Nikila rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, yenye mafuta mengi usiku kisha nikajilaza, moto unapanda kifuani mpaka kooni. Kwa shida hiyo nimetumia Eno miaka mingi, na haijaniangusha.

Namimina unga wote kwenye glasi ya maji iliyojaa nusu. Povu linachemka mpaka ukingoni, vitone vinarukia pua. Likitulia nakunywa yote. Ni chachu yenye chumvichumvi. Baada ya muda mfupi napiga mbweu nzito na kifua kinapoa.

Ndani hamna miujiza. Katika pakiti ya gramu 5, karibu nusu ni soda bikaboneti, inayobaki ni asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, na kaboneti ya sodiamu kidogo. Vikikutana na maji vinatoa gesi, halafu dawa inapunguza ukali wa asidi tumboni. Ndiyo maana pakiti iliyoingia unyevu haifai. Mimi huibonyeza kwanza kwa vidole: unga ukiwa umeganda mabonge, naomba nyingine.

Sasa hayo maneno ya watu. Mtaani utaambiwa Eno inasafisha damu, inakata homa, inaondoa sumu mwilini. Dawa hii ilianzishwa Uingereza katika karne ya 19 na mfamasia James Crossley Eno, na matangazo ya wakati ule yaliahidi mambo hayohayo, damu safi na kinga ya homa. Matangazo yamekufa zamani, ahadi zake bado tunarithishana jikoni. Mtu ana malaria, anapewa Eno, siku zinapita bila kupimwa. Hilo linaniuma sana.

Mama mkwe wangu ana presha, na alikuwa anakunywa pakiti moja kila usiku "kulainisha tumbo". Hospitalini walimkataza chumvi, naye kweli akaacha kuweka chumvi kwenye mboga. Lakini pakiti moja ina sodiamu karibu gramu 0.85, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 2 kwa siku nzima. Nilikaa naye nikamwambia, "Mama, ile chumvi uliyoitoa kwenye sufuria inarudi kwa glasi." Alinyamaza, kisha akaniuliza sasa atumie nini. Tulienda pamoja kliniki, akapewa dawa nyingine isiyogombana na presha yake. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo naye aulize kwanza, na watoto wadogo wasipewe kabisa.

Maziwa baridi? Yanatuliza kwa muda mfupi, halafu tumbo linatoa asidi tena. Ushauri wa nyumbani ninaouamini ni ule wa kula mapema, ukae muda wa kama saa 3 kabla ya kulala, na kuinua kitanda upande wa kichwani. Sisi tuliweka matofali chini ya miguu miwili ya kitanda, na siku hizi naihitaji Eno mara chache mno.

Wale mnaosema "nina alsa" na kujitibu kwa Eno, naomba mnisikie. Vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Huyo anauawa kwa antibiotiki anazoandika daktari baada ya kipimo. Eno itakupunguzia maumivu jioni hiyo, kidonda kikiendelea kuchimba. Kiungulia kikivuka wiki 2, nenda ukapimwe. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usingoje hata kesho.