Uzoefu wangu na huduma ya nyumbani ya kumzoesha sungura mwoga kushikwa na kuchanwa

Mwezi wa sita mwaka jana nililipa shilingi 150,000 kwa ziara sita za mtaalamu wa afya ya mifugo anayefika nyumbani kwa mteja, hapa Dar es Salaam, kumfundisha namna ya kumshika, kumbeba na kumchana sungura anayeogopa watu. Ninaandika sasa, baada ya ziara zote kwisha na baada ya kuendelea mwenyewe kwa miezi kadhaa, kwa sababu matokeo ya kazi ya namna hii hayaonekani siku ambayo mtaalamu anafunga mkoba wake na kuondoka.

Sungura wetu anaitwa Pamba. Ni jike mweupe wa kilo mbili na nusu, mwenye manyoya marefu yanayoonyesha kwamba ana damu ya Angora, na manyoya hayo ndiyo yaliyotufanya tutafute msaada. Sungura wa manyoya mafupi anaweza kuachwa ajisafishe kwa ulimi wake kwa siku nyingi, lakini wa manyoya marefu asipochanwa mara mbili au tatu kwa wiki hushikwa na mafundo nyuma ya masikio, tumboni na chini ya mkia. Mafundo hayo huvuta ngozi kila anapopiga hatua, hukaa na unyevu, na yakichafuka huvutia inzi wa kutaga mayai. Zaidi ya hapo, manyoya anayoyameza anapojilamba hayawezi kurudi, kwa kuwa sungura hana uwezo wa kutapika. Yakizidi tumboni huku nyasi kavu zikiwa chache, utumbo hupunguza mwendo na mnyama huacha kula.

Tulimnunua sokoni. Muuzaji alimtoa bandani kwa kumning'iniza kwa masikio, akamtumbukiza kwenye boksi, na boksi likafungwa nyuma ya bodaboda. Wakati huo sikujua kwamba masikio ya sungura yamejaa mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba hayakuumbwa kubeba uzito wa mwili wake. Kwa miezi minane Pamba hakukubali mkono wa mtu yeyote nyumbani. Ukimkaribia aligonga sakafu kwa mguu wa nyuma, ukizidi kusogea alijibana pembeni huku weupe wa macho ukionekana, na ukimshika alirusha mateke.

Nilipoona mafundo yamekuwa magumu nilimpeleka mahali wanapowahudumia mbwa. Kijana wa pale alimlaza chali juu ya meza, naye Pamba akakaa kimya kabisa, miguu juu, bila kutikisika. Kijana akaniambia kwamba ametulia, nami nikaamini. Kumbe hali ile si utulivu. Sungura akilazwa chali huganda kwa hofu, kama mnyama aliyekwisha kukamatwa na adui ambaye tumaini lake la mwisho ni kuonekana amekufa. Tuliporudi nyumbani hakula hadi siku iliyofuata, jambo ambalo sasa ninajua lilikuwa la hatari, kwani sungura asiyekula kwa nusu siku anahitaji daktari, hapaswi kusubiriwa.

Huduma hii nilielekezwa na jirani. Mtaalamu ni mama wa makamo mwenye stashahada ya afya ya mifugo. Sisi humwita daktari, naye huniita dada.

Ziara ya kwanza, niseme ukweli, ilinikera. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa alikuwa amenieleza kwenye simu kwamba sungura hustahimili baridi kuliko joto, kwamba joto likipita nyuzi 30 humtesa hata akiwa amelala tu, na kwamba katika jiji hili kumshughulisha saa saba mchana ni kumuongezea mzigo. Aliketi sakafuni, akaniuliza Pamba anakula nini, nani humkamata, na mkono wa huyo anayemkamata hutokea upande gani. Kisha akasema, "Dada, leo hatumgusi," akakaa karibu nusu saa akimtazama. Nilikuwa nimelipa, nimeamka alfajiri, na niliona fedha zangu zinapotea.

Ilipofika ziara ya tatu nilikuwa nimebadili mawazo, na sababu ni maelezo aliyonipa asubuhi ile ya kwanza. Macho ya sungura yako ubavuni mwa kichwa, hivyo anaona karibu pande zote, nyuma na hata juu, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele kabisa ya pua yake. Mkono unaopelekwa moja kwa moja puani hutoweka machoni pake pale pale unapomfikia. Na mkono unaoshuka kutoka juu humjia kama mwewe. Mimi nilikuwa nikifanya yote mawili kila siku. Daktari akanionyesha pangaboi linalozunguka juu ya kona tuliyomwekea banda, akaniomba nilihamishe banda. Akanionyesha pia jinsi miguu ya Pamba inavyoteleza juu ya vigae, kwa kuwa nyayo za sungura zina manyoya na hazina nyama laini kama za paka. Mnyama anayehisi kwamba hawezi kukimbia bila kuanguka hawezi kukaa na amani. Alitandika mkeka wa ukindu, na tangu siku hiyo kazi yote ilifanyika juu ya mkeka.

Jambo lililonigusa kuliko yote lilikuwa la mifupa. Kiunzi chote cha sungura ni karibu asilimia 7 hadi 8 tu ya uzito wake, ilhali misuli ya mapaja yake ina nguvu kubwa mno. Akirusha mateke akiwa hewani, na sehemu ya nyuma haikushikiliwa, anaweza kujivunja uti wa mgongo kwa nguvu zake mwenyewe. Nilikumbuka mara zote ambazo binti yangu wa miaka tisa alikuwa amemkimbilia na kumnyanyua kwa makwapa, miguu ikining'inia, nikashukuru Mungu kwamba tulikuwa bado tuna sungura mzima.

Mafunzo yenyewe yalikwenda kwa hatua ndogo sana. Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mkeka asubuhi na jioni kwa dakika kumi, kiganja kikiwa wazi chini na jani la giligilani juu yake, bila kumwita wala kumsogelea. Siku ya tano alikuja, akachukua jani, akakimbia. Siku ya nane alikula palepale. Wiki ya pili niliruhusiwa kumpapasa kwenye paji la uso, katikati ya macho, na kwenye mashavu, kwa sababu huko ndiko sungura hulambana wao kwa wao. Tumbo, miguu na mkia niliambiwa niviache kabisa. Kila alipotikisa kichwa au kusogea, mkono ulipaswa kuondoka mara moja. Daktari alilisisitiza hilo kuliko jingine lolote: Pamba alipaswa kujifunza kwamba akikataa kwa upole anasikilizwa, ili asione haja ya kurusha mateke.

Wiki ya tatu tulianza kupitisha mkono chini ya kifua bila kumnyanyua, mkono mwingine ukikinga matako, kisha kuutoa na kumpa jani. Baadaye tulinyanyua miguu ya mbele upana wa kidole gumba, kwa muda wa pumzi moja, tukamshusha. Kabla ya kila kunyanyua nilisema neno moja, "juu", kwa sauti ileile, ili asishtukizwe. Mwanzoni niliona jambo hilo ni la kitoto, lakini ilipofika wiki ya tano nilisema "juu" na nikahisi misuli ya mgongo wake ikilegea badala ya kukaza. Sijui kama nitaweza kueleza furaha niliyoipata asubuhi hiyo.

Brashi ilikuja kwa utaratibu huohuo. Daktari huiuza pamoja na kitana, vyote kwa shilingi 18,000, juu ya gharama ya mafunzo. Brashi ni ya mpira wenye meno mafupi na laini. Kitana ni cha chuma, chenye meno yaliyoachana. Kwa siku tatu vililala tu juu ya mkeka, Pamba akavinusa, akaving'ata na kuvitupa huku na huku. Kisha nilimpapasa kwa mgongo wa brashi, na hatimaye kwa meno yake, mipapaso mitatu tu, halafu jani. Brashi hii ninaisifu bila kusita kwa kazi ya kukusanya manyoya yaliyokwisha kung'oka, hasa katika majuma yale ambapo manyoya hupukutika kwa wingi, lakini kwa sungura wa manyoya marefu peke yake haitoshi, kwa sababu hupita juu na kuacha fundo linaloanza chini. Hapo ndipo kitana kinapohitajika, na ndipo mkono unapohitaji uangalifu: unashika manyoya karibu na ngozi kwa vidole ili mvuto usifike kwenye ngozi, kisha unafungua fundo kuanzia nchani.

Mafundo mawili yaliyokuwa magumu kama kizibo yalikatwa na daktari mwenyewe. Aliingiza kitana kati ya ngozi na fundo, akakata juu ya kitana, kwa kuwa ngozi ya sungura ni nyembamba na huvutika pamoja na fundo, na mkasi huipasua kabla mtu hajatambua. Nilipouliza kama tungemwogesha kwanza alikataa katakata. Manyoya yale yakilowa hadi kwenye ngozi hukawia mno kukauka, na maji yenyewe humtia sungura hofu kubwa. Palipochafuka panafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Kucha hazikutusumbua. Za Pamba ni nyeupe, mshipa wa damu unaonekana ndani yake kwa rangi ya waridi, na mimi hukata mguu mmoja kwa siku, kila baada ya wiki tano au sita, akiwa amezungushiwa kanga nyepesi kwa dakika mbili tatu, kwa sababu akifungwa muda mrefu hupata joto. Unga kidogo huwa karibu, iwapo ukucha utatoka damu.

Sasa niseme yale ambayo hayakuniridhisha. Tangazo la huduma linasema kwamba katika wiki sita sungura atabebeka. Pamba hakubebeka kwa wiki sita. Alipofika hapo alikubali kuchanwa na kupakatwa nikiwa nimeketi sakafuni, na hilo ni kubwa, lakini kunyanyuliwa na kubebwa kutoka chumba kimoja hadi kingine kulichukua karibu miezi minne, na kazi hiyo niliifanya mwenyewe. Ahadi ya namna ile inaweza kumfanya mtu mwingine aharakishe, na haraka ndiyo iliyomharibu Pamba tangu mwanzo.

Halafu, ziara ya nne daktari alipata udhuru akamtuma kijana mwingine. Alikuja saa tano asubuhi, jua limekwisha kuwa kali, nguo zake zikinuka mbwa, akamkamata Pamba kwa ngozi ya shingo ili, kwa maneno yake, ajue nani mkubwa. Nilimzuia, lakini ilikuwa imechelewa. Tulirudi nyuma wiki mbili nzima, hadi kwenye kiganja wazi na jani la giligilani. Nililalamika siku hiyohiyo. Daktari aliomba radhi kwa moyo mweupe, akarudisha shilingi 25,000 za ziara hiyo, na akaja kuirudia mwenyewe. Nilithamini hilo, ila nisingependa limpate mnyama mwingine.

Jambo la tatu ni kwamba hakuna maelezo yoyote ya maandishi. Kila ziara ni dakika 45, ilhali sungura anastahimili kumi hivi. Muda unaobaki ni mazungumzo mengi yenye manufaa makubwa, na asiyeandika atayasahau. Mimi niliandika kwenye daftari, na bado ninalisoma.

Je, inastahili gharama yake? Kwangu, ndiyo, kwa sababu Pamba alikuwa amekwisha kuumizwa na mikono ya watu, na peke yangu nisingegundua kwamba mkono wangu ulikuwa sehemu ya tatizo. Mtu mwenye sungura mchanga ambaye hajatishwa anaweza kulipia ziara mbili za mwanzo na kuendelea mwenyewe. Kabla ya kulipa, uliza kama atakayekuja ni yuleyule kila mara, na ukubaliane naye kwamba saa isiwe ya mchana.

Binti yangu ana sharti moja tu: haruhusiwi kumbeba Pamba akiwa amesimama. Huketi kwenye mkeka na kusubiri, na siku hizi hasubiri sana, kwani Pamba akisikia mkeka unakunjuliwa hutoka bandani mwenyewe, humsukuma binti goti kwa pua, na akianza kuchanwa mashavuni husaga meno taratibu, kwa sauti ndogo ambayo ni lazima uinamishe kichwa ili uisikie. Mkeka wenyewe ameshautafuna pembe mbili, nami nimekwisha kununua mwingine, ambao nimeuweka chini ya banda kwa wiki moja ili upate harufu yake kabla sijautandika.