Kopo la karela la shilingi 25,000: nilichokiona baada ya kulinunua

Nilinunua unga huu wa karela, lile tunda chungu linalopikwa kama mboga, Novemba, kwa pesa yangu, katika duka la dawa za asili mjini Mtwara, mwendo mfupi tu kutoka soko kuu. Jina la duka silitaji, kwa kuwa muuzaji alinisikiliza nilipomrudia, na hilo nitalieleza mbele.

Kopo ni la plastiki nyeupe, kifuniko kijani, gramu 200. Lebo imechapwa vizuri: picha ya karela lenye vinundu vyake, tawi la mlonge, na maneno makubwa, "Protini za mimea. Huua virusi. Huyeyusha saratani." Unaambiwa uchemshe kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji kwa dakika 20, unywe mara tatu kwa siku. Aliyetengeneza hatajwi. Tarehe ya mwisho wa matumizi haipo, wala namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ilhali sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002.

Aliyeutaka ni mama mkubwa. Anatoka Newala, na alikuwa amemaliza mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, kwa saratani ya shingo ya kizazi. Akaja kupumzika kwangu Mtwara kabla ya kupanda kwao. Pesa za korosho zilikuwa zimetoka, na miaka yote niliyoishi hapa nimeona huo ndio msimu dawa za namna hii zinapojaa mjini. Jirani alimwonyesha kopo lake. Jioni ile aliniambia, "Mwanangu, wanasema hii inamaliza mabaki. Mimi naogopa hayo mabaki." Nafundisha baiolojia mwaka wa 14 sasa, lakini kauli ile ilinishinda. Kesho yake nilikwenda kununua.

Unga wenyewe, nauhukumu kwa haki, ni safi. Umesagwa laini, hauna mchanga, na ukifungua kopo unapata harufu ya majani makavu, hauna uvundo kama wa vitu vilivyokaa ghalani. Uchungu wake ni wa karela kweli. Unabaki kwenye koo hata baada ya chai. Kwa hiyo sidhani kama waliweka kitu kingine. Shida iko kwenye lebo.

Siku ya nne, saa 5 asubuhi, mama mkubwa alianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba usoni, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Nilimpima kwa kipimo chake cha sukari: 3.1, chini mno. Anatumia vidonge vya kisukari kwa miaka mingi, na karela lenyewe hushusha sukari. Ukiviweka pamoja, vyote vinavuta upande mmoja. Nilimpa chai yenye sukari vijiko vitatu, nikakaa naye sakafuni mpaka macho yake yakarudi. Kwenye lebo hakuna neno hata moja la kumwonya mwenye kisukari. Hakuna pia la kumwonya mjamzito, naye karela kwa wingi si salama kwake. Kwa hili peke yake natoa nyota mbili badala ya tatu.

Sasa hizo protini, maana wengi mtaniuliza kama ni uongo mtupu. Si uongo mtupu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwaka 1990 Sylvia Lee-Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York walieleza protini waliyoitoa kwenye karela, wakaiita MAP30. Katika vyombo vya maabara iliizuia VVU kuambukiza seli na kuzaliana. Baadaye ikajaribiwa pia dhidi ya seli za saratani, nazo zikadhoofika. Namna inavyofanya kazi ni ya kustaajabisha, na huwa nawachorea kidato cha sita ubaoni. Ndani ya kila seli kuna ribosomu, viwanda vidogo vinavyounganisha protini. Virusi havina kiwanda chao, vinatumia cha kwako. MAP30 ni ya kundi linalong'oa herufi moja tu kwenye uzi wa RNA wa ribosomu, na kiwanda kinasimama hapo hapo.

Ila kiwanda ni kiwanda. Seli yako yenye afya nayo ina ribosomu. Ndugu wa protini hiyo ni risini, iliyomo kwenye mbegu za mbarika, sumu ambayo mtafiti Stillmark aliipa jina 1888. Mwingine ni abrini, iliyomo kwenye zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi, tulizokuwa tukizitunga shanga utotoni. Risini na abrini zina mkono wa pili unaoshika utando wa seli na kuingiza sumu ndani. MAP30 haina mkono huo, ndiyo maana karela tunalila na mbegu za mtipitipi hatuzitafuni. Nasema haya kwa sababu duka lile lile lilikuwa na chupa ya mbegu za mtipitipi kwenye rafu ya chini, mahali mtoto anapofika. Nilimwomba muuzaji aipandishe juu, akaipandisha papo hapo.

Hata protini hiyo ikiwemo kweli kwenye kopo, fuateni maelekezo ya lebo muone inavyopotea njiani. Protini inafanya kazi kwa umbo lake, jinsi ilivyojikunja. Mimina ute wa yai kwenye maji yanayochemka: unaganda mweupe, na ukipoa haurudi kuwa ute. Dakika 20 za kuchemsha huvunja umbo la protini nyingi kwa namna hiyo hiyo. Kinachosalia kinakutana na asidi na vimeng'enya vya tumbo, ambavyo kazi yao ni kukata protini vipande, iwe ya samaki, ya maharage au ya karela. Mama mkubwa hakunielewa mpaka nilipomtajia jirani yetu anayejichoma insulini kila siku. Nikamwambia, "Mama, insulini ni protini. Ingekuwa inapita tumboni salama, yule bibi angeinywa kwenye kikombe." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Basi walipaswa kuniambia."

Dawa ya saratani itokayo kwenye mmea ipo, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nadharau mimea. Vinkristini inatoka kwenye ua dogo la asili ya Madagaska, ng'ambo tu ya bahari yetu hii, ambalo watu wanalipanda uani kama pambo. Ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 1963, na watoto wenye saratani ya damu wanapona kwa kutibiwa nayo pamoja na dawa nyingine. Hiyo si protini, na haichemshwi jikoni. Inatolewa kwenye majani, inasafishwa, inapimwa kwa miligramu, inaingizwa kwenye mshipa na mtu aliyesomea. Ukiizidisha kidogo inaua.

Na kuna protini moja ambayo nimeiona kwa macho yangu ikitolewa dhidi ya virusi na saratani kwa pamoja, bila kopo wala shilingi 25,000. Saratani ya mama mkubwa inaletwa na kirusi cha HPV. Chanjo yake ni protini ya ganda la nje la kirusi hicho, ganda tupu lisiloambukiza, inayodungwa begani ili mwili ujifunze kumtambua adui. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, bure, na nilisimama kwenye foleni na wanafunzi wangu wa miaka 14 siku wauguzi walipokuja shuleni. Wazazi wawili waliwazuia binti zao nyumbani. Mmoja wao nilimkuta duka hili hili akinunua kopo. Jambo hilo liliniuma kuliko pesa yangu. Chanjo haiponyi mgonjwa, inamkinga asiyeugua. Lakini kwa binti yule ilikuwa ndiyo yenyewe.

Nilimrudia muuzaji baada ya wiki tatu na kopo lililobaki nusu. Ni mzee wa makamo, mstaarabu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Mwalimu, karibu." Nilimweleza kutetemeka kwa mama mkubwa, nikamwonyesha kipimo nilichoandika kwenye daftari. Hakubisha. Alisema makopo yanaletwa na mtu na gari, yeye anauza tu. Hakunirudishia pesa, nami sikuidai sana. Ila alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye makopo tisa yaliyokuwa rafuni: "Mwenye sukari asitumie bila kumuuliza daktari." Nilipopita wiki iliyofuata maandishi yalikuwa bado yapo, na "Huyeyusha saratani" nayo ilikuwa bado ipo.

Mama mkubwa aliacha unga, sukari yake ikatulia, na Januari alipanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kwenye kliniki yake. Daktari amemwambia arudi baada ya miezi mitatu. Mabaki bado anayaogopa, nami namsikiliza anapoyataja.

Mkitaka vitu vingine vya duka hilo: karafuu zake ni nzuri, na mafuta ya nyonyo ni safi kwa nywele. Unga wa mlonge wa peke yake ni shilingi 4,000 kwa robo kilo, ni chakula kizuri, unyunyizeni kwenye uji ukishaepuliwa. Mlonge mbichi msinunue dukani. Kina mama wa sokoni wanauza fungu kwa shilingi 500, na ukifika kabla ya saa 3 asubuhi unakuta majani bado yana umande.